Namna ya Kufupisha Barua ya Kikazi

Barua nyingi za ofisini nchini Tanzania hufunguliwa kwa maneno "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ilhali msomaji ameshakisoma kichwa hicho kwenye mstari wa "Yah:". Anza kwa kufuta sentensi hiyo, kisha weka mahali pake jambo lenyewe unaloomba, kiasi chake na tarehe ya mwisho ya kujibiwa.

Hatua yenye faida kubwa zaidi ni kukagua vitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, nasi huupoteza utajiri huo tunapoandika "tumefanya malipo kwenu" badala ya "tumewalipa", au "kufanya ukaguzi" badala ya "kukagua". Chukua sentensi hii: "Tungependa kuchukua fursa hii kuwajulisha kwamba zoezi la uwasilishaji wa mizigo yenu litafanyika siku ya Jumatatu." Maneno hayo 16 yanaweza kuwa manne tu: "Tutawaletea mizigo yenu Jumatatu."

Salamu, kwa maoni yangu, isifutwe. Mstari mmoja wa heshima haumchoshi mtu, na barua isiyo na salamu husomeka kama karipio.

Kabla ya kutuma, soma barua kwa sauti, na pale unapoishiwa pumzi igawe sentensi, kwani mara nyingi hapo ndipo hujificha maneno kama "kwa kuzingatia ukweli kwamba", ambayo nafasi yake huzibwa vyema na "kwa kuwa".