Ukimaliza kulima, usijibwage chini papo hapo
Aliyeshika jembe tangu alfajiri hutamani kujilaza mara tu anapomaliza tuta la mwisho, lakini nakusihi utembee polepole kwanza kwa dakika 5 hadi 10, kwa sababu ukikatisha kazi nzito ghafla damu hutuama miguuni na kukuletea kizunguzungu. Mimi hutumia muda huo kukwangua udongo kwenye jembe. Kisha kunywa maji kidogo kidogo, au uji uliotiwa chumvi kiasi, maana jasho huondoka na chumvi ya mwili. Ndipo uoge, utandike mkeka chini ya mwembe na uegemeze miguu juu ya gunia lililokunjwa. Viganja bado vinawaka, mgongo unaachia taratibu, na matuta yote yamelala mbele yako, yamekamilika.