Jiwe jekundu la Winza: lipime kwa maji kabla ya kutoa pesa

Rangi iamini mwisho. Jiwe jekundu linaloletwa Dodoma mjini kutoka Winza, wilayani Mpwapwa, linaweza kuwa rubi, spineli, ganeti au kioo kilichoyeyushwa, na jua la saa sita haliwezi kukuambia ni lipi. Winza, ambayo rubi zake zilivuma mwaka 2008, ina ganeti ndani ya mwamba uleule wenye rubi, hivyo hata muuzaji mkweli hukosea. Kinachosaidia kuyatenganisha ni densiti, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na maji yenye ujazo sawa. Hiyo unaipima mwenyewe mezani.

Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama ile ya sonara, kikombe chepesi cha plastiki, mshipi mwembamba wa kuvulia samaki na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nyingi ya mizani hizi mwisho wake ni gramu 200, kwa hiyo usijaze maji. Nusu kikombe inatosha.

1. Sugua jiwe kwa mswaki na sabuni hadi udongo na mafuta viishe, kisha likaushe. Mafuta hupakwa ili kuficha nyufa.
2. Lipime likiwa kavu, uandike. Tuseme ni gramu 8.24.
3. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, tia tone moja la sabuni, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
4. Funga jiwe kwa mshipi, lining'inize kwa mkono lizame lote bila kugusa chini wala ubavuni. Soma namba.
5. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mizani ikisoma 2.06, jibu ni 4.00: huenda ni rubi, au safaya, ambayo ni madini yaleyale yenye rangi nyingine, ingawa baadhi ya ganeti nazo hufika hapo. Ikisoma 2.29 ni 3.60, spineli. Ikisoma 2.15 ni 3.83, na hapo shuku ganeti. Kwatzi, jiwe jingine la kawaida, ni 2.65, kwa hiyo jiwe hilohilo lingesoma 3.11. Kioo hakina namba moja. Angalia viputo vya duara ndani yake kwa lenzi inayokuza mara 10.

Makosa mengi hutokea hatua ya nne. Kiputo cha hewa kilichonasa kwenye ufa huongeza ujazo: 2.06 ikipanda hadi 2.16, rubi yako imekuwa ganeti kwenye karatasi. Ndiyo kazi ya sabuni. Pia litikise jiwe ndani ya maji kabla ya kusoma. Likigusa chini, mizani inabeba uzito wake pia, na jibu linaporomoka hata chini ya 2. Upepo wa Dodoma nao huyumbisha namba, kwa hiyo funga dirisha, zima feni, pima mara tatu. Mwamba mweusi ulioganda kwenye jiwe hushusha densiti. Usipotoka, kipimo hicho usikitegemee.

Jiwe dogo lina shida yake. Rubi ya gramu 1 husukuma maji ya gramu 0.25 tu, na kosa la 0.01 hulipeleka jibu popote kati ya 3.85 na 4.17. Chini ya gramu 2, usinunue kwa kipimo hiki peke yake.

Kukwaruza kioo hakuthibitishi rubi. Kwenye kipimo cha Mohs kioo kina ugumu wa takriban 5.5, kwatzi 7, ganeti 7 hadi 7.5, spineli 8 na rubi 9. Yote manne yatakikwaruza. Na usikubali jiwe lipigwe nyundo ili "kuona kama ni gumu". Ugumu ni uwezo wa kustahimili mkwaruzo. Hata almasi, yenye 10, hupasuka ikigongwa.

Krisopresi, jiwe la vito la kijani la Haneti, wilayani Chamwino, ina densiti ya karibu 2.6, sawa na akiki iliyotiwa rangi, kwa hiyo maji hayatakusaidia. Chunguza nyufa kwa lenzi: rangi ya kutiwa hukusanyika humo. Kijani halisi hutokana na nikeli, na joto na jua kali vinaweza kukipausha. Usiianike juu ya bati.

Rubi ya kiwandani nayo hutoa 4.00 kamili, kwa kuwa ni madini yaleyale. Vipande vyake huvunjwavunjwa na kusuguliwa ili vifanane na mawe ya mgodini. Ukiona mistari iliyopinda ndani, au jiwe kubwa safi mno kwa bei ndogo, lipeleke maabara ya vito, kama ya Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha, na usilikate hadi majibu yatoke.