Toa Fedha Mara Moja kwa Wiki

Kwa wanaotumia M-Pesa nchini Kenya, ni vyema kukadiria matumizi ya taslimu ya wiki nzima na kuyatoa kwa wakala mara moja, kwa kuwa ada hupangwa kwa madaraja: kutoa shilingi 500 hugharimu shilingi 29, na kutoa 2,500 hugharimu 29 zile zile, hivyo anayetoa 500 mara 5 hulipa 145 kwa fedha ile ile. Usivuke 2,500 kwa kiasi kidogo tu, kwani daraja linalofuata ni ghali zaidi. Mbinu hii haimfai mtu ambaye noti zikiwa mfukoni hazilali. Huyo, nami nimo, afadhali alipe dukani moja kwa moja kwa simu.