Kumwekea tanga kijana wa amani aliyeuawa mbali: tunavyofanya sisi Majengo

Anza na jina moja. Mgogoro wa Israeli na Palestina umeua watu wengi hata ulimi unachoka kuwataja, na ukitaka kuwalilia wote kwa pamoja alasiri moja katika ukumbi wa Pumwani, hapa Nairobi, hakuna atakayeliliwa. Sisi kina mama wa Majengo tulianza na Asel Asleh. Kama wageni wako ni wanafunzi wa sekondari, nakusihi nawe uanze naye, kwa kuwa ni wa rika lao.

Asel alikuwa mtoto wa Arraba, Galilaya, Mpalestina mwenye uraia wa Israeli. Alijiunga na Seeds of Peace, mpango ulioanzishwa 1993 na mwandishi wa habari John Wallach, ambao huwakutanisha vijana wa pande zinazopigana kambini Maine, Marekani. Huko alipata marafiki Waarabu na Wayahudi, na aliporudi kwao akawa anawaandikia barua pepe. Tarehe 2 Oktoba 2000 palikuwa na maandamano mjini kwao. Polisi wa Israeli wakampiga risasi, akafa. Alikuwa na miaka 17, na mwilini alikuwa na fulana ya kijani ya Seeds of Peace.

Hayo yaandikwe kwenye karatasi moja, yasomwe na kijana, si na mwalimu wala mheshimiwa. Mwambie asome polepole. Na msifiche namna alivyokufa. Nimesikia watu wakisema kijana "alipoteza maisha", kana kwamba yalimdondoka mfukoni akishuka matatu. Sema aliuawa, na useme nani alimuua. Kisha endelea mpaka mwisho wa habari: Oktoba ile waliuawa Waarabu 13 katika maandamano ndani ya Israeli, tume iliyoongozwa na jaji Theodor Or ikatoa ripoti 2003, na mwaka 2008 Mwanasheria Mkuu wa Israeli akafunga faili bila polisi hata mmoja kushtakiwa. Hapa Nairobi hutahitaji kumweleza mtu uchungu wa faili kufungwa. Utauona kwenye nyuso.

Penye ubishi, sema pana ubishi. Ukimchagua Rachel Corrie, Mmarekani wa miaka 23 aliyekufa Rafah, Gaza, tarehe 16 Machi 2003 akizuia nyumba isibomolewe, soma kwamba tingatinga la jeshi la Israeli ndilo lililomponda. Soma kwamba jeshi lilisema dereva hakumwona, kwamba wenzake waliokuwapo walisema alionekana wazi na koti lake la rangi ya chungwa, na kwamba mahakama ya Haifa iliitupa kesi ya wazazi wake mwaka 2012. Wasikilizaji wana akili zao. Marehemu haheshimiwi kwa habari iliyopunguzwa wala iliyoongezwa.

Mambo ya ukumbi si mazito. Tandika mikeka mbele kwa wanaokaa chini na panga viti vya kukodi nyuma kwa wazee. Picha ya marehemu ichapishwe saiba, duka la intaneti, ukubwa unaoonekana kutoka mlangoni. Anza saa kumi na nusu, mara baada ya swala ya alasiri, umalize kabla ya magharibi ili mabinti wapate gari mapema. Kahawa ya tangawizi na mahamri vinatosha. Mchango wa M-Pesa uwe wa kahawa na viti pekee. Anayetaka kuchangia waathiriwa wa vita apangiwe siku yake, maana pesa zikitajwa tangani mazungumzo yote huhamia huko. Mkitaka kutoka barabarani na mishumaa, sheria inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apewe taarifa kwa maandishi siku zisizopungua tatu wala kuzidi kumi na nne kabla, na maandamano yaishe kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Bendera huwa tunaziomba zibaki mlangoni. Kijana akija na skafu ya Kipalestina mabegani, mwache akae nayo, ni vazi lake. Lakini bendera ikiinuliwa, simu nazo huinuka, na mama aliyekuja kulia hufuta machozi haraka asipigwe picha.

Mwaka uliofuata Oktoba 2023 tulimwekea tanga Hayim Katsman, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Alikuwa Mwisraeli wa miaka 32, msomi aliyekuwa akijitolea kwa Wapalestina wa milima ya kusini ya Hebron. Wapiganaji wa Hamas walimuua kijijini Holit tarehe 7 Oktoba 2023. Baadhi ya majirani zangu walinuna, wakauliza kwa nini yeye, na Gaza inateketea. Niliwasomea aliyoyaomba Noy, nduguye, kwamba kifo na uchungu wao usitumiwe kuwaletea watu wengine kifo na uchungu. Wawili waliondoka hata hivyo. Sikuwafuata wala sikuwalaumu. Ukiandaa tanga la namna hii, jiandae kwa hilo, na usibadilishe jina kwa sababu ya minong'ono.

Dua nazo zina adabu yake. Kwa Asel tulisoma hitma, kisha majirani zetu Wakristo wakaomba kwa namna yao. Kwa Hayim hatukuigiza sala za Kiyahudi tusizozijua. Tuliwasha mshumaa, kwa kuwa Wayahudi huwasha mmoja unaowaka usiku na mchana kila mwaka siku ya kumbukumbu ya marehemu, tukanyamaza. Ukitaka zaidi ya hapo, nenda mapema ukaulize kwenye sinagogi la University Way.

Kisha atasimama kijana aseme, "Mama, na wetu je?" Kila mara husimama mmoja. Anawakusudia waliopigwa risasi katika maandamano hapa mjini Juni 2024. Usimwambie kwamba leo si siku yao. Acha nafasi kwenye ratiba kabla ya kahawa, ataje majina, na wengine wataje ya kwao. Kuna dada mmoja alimtaja kaka yake aliyeuawa katika vurugu za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele za watu. Hapo tuliiacha ratiba, na kahawa ikapoa.

Kitabu cha rambirambi kikae karibu na mlango, na kalamu mbili. Waombe wageni waandike kwa Kiswahili, wataje jina la marehemu na mtaa wao, wasiandike maoni ya siasa. Chagua kurasa chache, mtu anayejua Kiingereza vizuri azitafsiri, kisha zitume kwa shirika alilotumikia marehemu, na uwaombe wawafikishie wazazi kama wazazi wenyewe wataridhia. Usiombe jibu.