Kuhamia R 4 bila kuvuruga ripoti za ofisi

Kuna ofisi za kliaringi hapa Mombasa ambazo bado zinatoa ripoti za makontena ya Kilindini kwa R 3.6, toleo la zamani la R, lugha ya kuchanganua data. Kuhama ni lazima, ila si wiki ya kufunga mwezi. R 4.0.0, iliyotoka Aprili 2020, iligusa kitu ambacho skripti nyingi kuukuu zinakitegemea: `read.csv`, amri ya kusoma faili la jedwali, haigeuzi tena maandishi kuwa fakta (aina ya data inayohifadhi kila neno kama namba ya ngazi yake).

Kagua mashine kwanza. Tangu 4.2.0, R ya Windows ni ya biti 64 pekee. Kisha, ndani ya R ya zamani, hifadhi orodha ya pakeji (nyongeza za R):

`saveRDS(rownames(installed.packages()), "C:/ripoti/pakeji.rds")`

Weka toleo jipya bila kufuta la zamani. Kila moja lina folda yake. Ndani ya jipya:

`p <- readRDS("C:/ripoti/pakeji.rds")`
`install.packages(setdiff(p, rownames(installed.packages())))`

Usinakili folda ya pakeji za zamani. Zilizojengwa kabla ya 4.0.0 hazifunguki ndani ya R 4.

Sasa kazi yenyewe. Chukua faili la mwezi uliopita, ulisome kwa matoleo yote mawili, ulinganishe jumla. Angalia hasa safu ya uzito iliyotoka Excel ikiwa na mkato, kama `"24,500"`. R 3.6 iliifanya fakta, na `as.numeric()` ikarudisha namba za ngazi (1, 2, 3) kimyakimya. R 4 inakupa NA (thamani haipo) na onyo. Wengi hapo hulaumu toleo jipya, kumbe jumla za zamani ndizo zilizokuwa mbovu siku zote. Dawa yake:

`d$uzito <- as.numeric(gsub(",", "", d$uzito))`

Ikiwa `levels(d$meli)` inarudisha NULL, yaani safu si fakta tena, geuza safu hiyo pekee kwa `factor(d$meli)`. Kurudisha `stringsAsFactors = TRUE`, mpangilio unaogeuza maandishi yote kuwa fakta, kila mahali ni kuurudisha ugonjwa uleule.

Kosa jingine: `if (d$uzito > 30000)`. Zamani R ilitazama mstari wa kwanza tu na kutoa onyo, tangu 4.2.0 inasimama kabisa. Tumia `any()` ukiuliza kama lipo hata kontena moja, `ifelse()` ukitaka jibu kwa kila kontena.

Alama ya `|>`, inayopeleka matokeo ya hatua moja kwenye inayofuata na iliyokuja na 4.1.0, ni tamu kuandika, lakini iache mpaka mashine ya mwisho ofisini ihame. Kwenye R 3.6 skripti nzima haisomeki.