Kufunika ardhi kwa uwele na mtama kati ya mikorosho michanga

Baada ya mvua kubwa ya Desemba, ingia shambani uiname uangalie chini. Kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, utaona vijiwe vidogo vimesimama, kila kimoja juu ya kinguzo chake cha mchanga. Jiwe limekinga pale lilipokaa, pembeni pote pamesombwa. Kimo cha kinguzo hicho ndicho kimo cha udongo uliokwisha kwenda. Kisha geuza majani ya chini ya mkorosho mchanga: yamerukiwa na mchanga mpaka upande wa chini.

Huku kwetu mkulima hodari ni yule ambaye shamba lake halina hata jani moja. Wakati wa kuokota korosho ni sawa kabisa, maana korosho lazima ionekane. Lakini kuanzia Desemba hadi Aprili usafi huo unatugharimu udongo. Ninachoeleza hapa ni namna ya kusia nafaka kwa ajili ya ardhi yenyewe: zinaota, zinafunika, zinakatwa zikiwa mbichi na kulazwa palepale.

Hatua ya kwanza: chagua kipande

Nafaka inataka jua. Chini ya mikorosho iliyokwisha kufungana matawi itarefuka, itapauka na kulala. Mahali pake ni mikorosho ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu au wa nne, au kipande kilichotoka muhogo.

Ukiwa umepanda mita 12 kwa 12, eka moja ina miche 28 hivi. Kila mche uuachie mduara usio na nafaka, mita 2 kutoka shinani. Chora kwa kamba na kijiti. Mizizi ya uwele ni mingi na inakunywa maji kwa kasi, na mche mchanga hauiwezi mvua inapokata Februari. Miduara yote ya eka nzima haifiki sehemu moja ya kumi ya shamba, kwa hiyo usiionee uchungu. Mwaka wa kwanza robo eka inatosha, tena iwe ile sehemu yenye mteremko ambayo maji yanaisumbua zaidi.

Hatua ya pili: mbegu

Kwenye mchanga nachagua uwele. Unastahimili ukame kuliko mtama, na mabua yake membamba hulala vizuri yakikatwa. Kwenye udongo mzito zaidi, kama sehemu nyingi za Nachingwea, mtama unaleta majani mengi. Ulezi sishauri kwa kazi hii. Mwanzo wake ni wa polepole, magugu yanautangulia.

Shamba lililowahi kutoa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, lishughulikie kwa makini. Kama ni lazima mtama, tafuta Hakika au Wahi, mbegu zilizozalishwa kuhimili kiduha, na kunde zisikosekane. Kuna aina za kunde ambazo mizizi yake huamsha mbegu za kiduha bila kuzilisha, zikaota na kufa.

Kwa eka moja tumia kilo 4 za uwele na kilo 8 za kunde. Kwa mtama, kilo 8 za mtama na kilo 8 za kunde, hasa kunde za kutambaa. Hicho ni kama maradufu ya mbegu ya nafaka ambayo mtu angetumia akitaka kuvuna, na tunafanya hivyo kwa makusudi, ardhi ijifunge mapema na mabua yasiwe manene. Kunde zina sababu nyingine pia. Vijidudu vinavyoozesha mabua huchukua naitrojeni ya udongoni ili vifanye kazi, na zao linalofuata likageuka manjano. Kunde hutengeneza naitrojeni kutoka hewani, zikapunguza upungufu huo.

Mbegu ya dukani si lazima, kwa kuwa huvuni. Nafaka ya sokoni inafaa mradi iote. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku tano. Zikichipua 80 au zaidi, endelea. Zikichipua 60, ongeza theluthi ya kiasi. Uwele unalimwa zaidi Dodoma na Singida, hivyo zungumza na wafanyabiashara mapema, kabla ya Novemba.

Hatua ya tatu: subiri mvua ya kweli

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katikati, mwishoni mwa Januari na Februari, kuna ukavu. Mvua ya kwanza isikudanganye. Chimba kwa mkono: unyevu ukifika chini kuanzia ncha za vidole hadi kifundo cha mkono, na mchanga ukiuminya ukashikana, sia. Kama Desemba mikono yote iko kwenye mahindi na mihogo, kuna nafasi ya pili mvua zinaporudi baada ya ukavu huo.

Hatua ya nne: kusia

Usilime kwa kina. Parua juu tu, magugu yakatike. Halafu fuata mpangilio huu, kwa sababu mbegu hizi haziendi kina kimoja. Mwaga kunde kwanza na uzifukie kwa jembe, sentimita 3 hadi 5. Kisha changanya kopo moja la uwele na makopo manne ya mchanga mkavu, ndipo mkono uweze kuutawanya sawasawa. Gawa mchanganyiko mara mbili: nusu ya kwanza unatembea kufuata mistari ya mikorosho, nusu ya pili unaikata mistari hiyo. Mwisho kokota tawi lenye majani juu ya kipande chote. Uwele unataka kufunikwa sentimita 1 au 2 tu. Mtama unavumilia hadi 4. Maliza siku hiyohiyo, maana mbegu iliyobaki wazi ni ya sisimizi, njiwa na kuku.

Hatua ya tano: wiki za katikati

Kazi ni ndogo. Wiki ya tatu ng'oa kwa mkono magugu yanayowahi, basi. Baada ya hapo shamba linajifunga.

Tahadhari moja ni ya lazima: mtama mchanga, mtama ulionyauka kwa jua, na machipukizi baada ya kukata vina sumu ya sianidi, na mbuzi au ng'ombe anaweza kufa kwa muda mfupi. Waambie watoto wanaochunga. Uwele hauna sumu hiyo.

Hatua ya sita: kukata

Hapa ndipo wengi hushindwa, na tatizo ni moyo. Karibu na siku ya 55 hadi 65 uwele unaanza kutoa masuke, na kila apitaye anasema, "Uache ukomae, mbona unatupa chakula?" Amua kabla ya kusia. Kama unataka uji, tenga kipande kingine karibu na nyumba ambako utaweza kufukuza ndege. Uwele ulioachwa ukomae una mabua magumu, rutuba imepanda kwenye punje, na punje zilizodondoka ni magugu ya msimu ujao.

Kata masuke yanapokuwa yametoka kwenye nusu ya shamba na chavua inaning'inia. Minya kisuke: kikitoa maji meupe, umechelewa kidogo, kata leo. Ukikata kabla ya masuke, utachipua tena. Tumia fyekeo lenye makali, chini kabisa karibu na udongo. Ukiacha visiki virefu, vinachipua.

Laza mabua kukingama na mteremko, maji yakishuka yakutane nayo. Usiyakatekate. Bua refu hukaa muda mrefu na upepo hauliondoi. Funika mpaka ukisimama usione mchanga isipokuwa hapa na pale. Mengine vuta kuelekea miche, lakini acha sentimita 30 wazi kuzunguka shina, kwa sababu mchwa watakuja. Wakija kwenye matandazo waache, wanayashusha udongoni. Tusichotaka ni wapande kwenye gome.

Siku ya jua kali saa saba mchana, weka kiganja kwenye mchanga mtupu, kisha ukiingize chini ya matandazo. Juu panachoma, chini pana ubaridi na mchanga bado unashikana.

Hatua ya saba: moto

Matandazo makavu ni kuni. Kabla Juni haijaisha, safisha ukanda wa mita 4 kuzunguka shamba, na uongee na jirani kabla hajachoma lake, si baada. Mikorosho iliyoanza kuzaa, vuta matandazo nje ya kivuli chake Septemba ili korosho zikianguka zionekane.

Hatua ya nane: kupanda juu yake

Msimu unaofuata usiyafukie mabaki. Fungua shimo kwa pembe ya jembe, weka mbaazi, karanga au mahindi, rudisha mabua pembeni. Ufuta ni tofauti, mbegu yake ni ndogo na haina nguvu ya kupenya. Fungua mstari wa upana wa kiganja mpaka udongo uonekane. Na kama umekata mtama Februari na unataka ufuta msimu huohuo, acha wiki tatu zipite kwanza, kwa sababu mizizi ya mtama hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota.