Nyimbo za wokovu za Bob Dylan: jinsi ya kuzifanya ziimbike na kwaya

Kosa la kwanza ni kumwiga Dylan, mwanamuziki huyo wa Marekani. Kiongozi anabana pua, anaongea zaidi ya kuimba, na kwaya nzima inabaki nyuma yake ikisema "uuu". Waimbaji wa injili wa Marekani hawakufanya hivyo. Walichukua wimbo wa mtu mmoja anayejisemea wakaugeuza wa watu wanaojibizana, na kazi ya mwalimu wa kwaya ni hiyohiyo.

Nyimbo zenyewe zimo kwenye albamu tatu: Slow Train Coming (1979), Saved (1980) na Shot of Love (1981). Mwaka 2003 ikatoka Gotta Serve Somebody: The Gospel Songs of Bob Dylan, ambamo waimbaji wa injili kama Shirley Caesar, kwaya ya Chicago Mass Choir, kundi la Fairfield Four na wengine wanaziimba kwa namna yao. Kabla ya kugusa kinanda, sikilizeni kila wimbo mara mbili, toleo la Dylan kwanza, kisha la kwaya. Andikeni jambo moja tu: nani anaitikia, na anaingilia wapi. Mtagundua kwamba nafasi ya kuitikia ilikuwamo tangu mwanzo. Katika ziara iliyoanza Novemba 1979 Dylan alikuwa na waimbaji wanawake wa injili nyuma yake, mmoja wao Regina McCrary, binti wa mchungaji Samuel McCrary wa Fairfield Four.

Anzeni na "Pressing On". Maneno yake ni machache, kiitikio kinajirudia, na Wafilipi 3:14 imeshawapa tafsiri: "nakaza mwendo". Silabi ya "na" iingie kabla ya pigo, "KA" ikae juu ya pigo kubwa, "MWE" juu ya noti ndefu, "ndo" idondoke taratibu. Inakaa kama imeshonewa. Mwendo uwe wa tatu-tatu, mapigo makubwa manne, kila moja lina hesabu tatu. Wekeni metronomu (kihesabu mapigo) ya simu kati ya 60 na 66 kwa pigo kubwa. Mpiga dramu akizoea pambio ataukimbiza, kwa hiyo mazoezi mawili ya kwanza apige makofi tu.

"Gotta Serve Somebody" ndiyo yenye kazi. Ina beti saba, nyingi zikiwa orodha ya watu wa kila namna, na ubeti mzima unakaa karibu wote kwenye kodi (chord) moja ya Am, yaani A ndogo. Kinanda kikiutafutia kodi za kupamba, wimbo unakufa. Uzito wake uko kwenye kusubiri. Kwa Dar, beti nne zinatosha, na zisiwe tafsiri ya neno kwa neno, kwa sababu Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja na sisi tunayo machache. Tungeni kwa mizani nane kwa nane:

Uwe konda wa Mbagala, uwe bosi wa Masaki

Hapo kila kipande kina mizani nane, na mkazo unaangukia "GA" na "SA", panapotakiwa.

Kiitikio kikiwa "Utamtumikia nani?" kina mizani tisa, na hatari iko kwenye "m". Kwaya ikiimba haraka huimeza, msikilizaji akasikia "utatumikia nani", sentensi iliyovunjika. Mpeni "m" noti yake fupi, midomo imefungwa, sauti ikitoka puani kwa kimo kilekile cha silabi inayofuata. Mkazo uwe kwenye "KI" na "NA". Pigo kubwa likiangukia "ni" ya mwisho, mtasikika kama vile vitabu vya nyimbo vya zamani ambavyo wimbo ulikuja kwanza na Kiswahili kikasukumiwa ndani. Na msipate taabu kuhalalisha swali hilo kanisani: Yoshua 24:15 inasema "chagueni hivi leo mtakayemtumikia".

Sasa sauti. Kwa waimbaji kumi na sita, gawa watano soprano, wanne alto, wanne tenor, watatu besi. Ubeti wa kwanza kiongozi yuko peke yake na gitaa la besi. Wa pili besi na tenor waitikie "nani?" mwisho wa kila mstari, kwa noti mbili tu. Sauti zote nne zisubiri ubeti wa tatu. Zikiingia mapema hamtakuwa na pa kupanda. Baada ya ubeti wa nne pandisheni nusu toni mara mbili, Am kwenda B bemoli ndogo, kisha Bm. Kwa hiyo noti ya juu kabisa ya kiongozi mwanzoni ibaki angalau toni moja chini ya mwisho wa uwezo wake. Hili husahaulika, kiongozi akafika Bm anapiga kelele.

Sebene msiiweke hapa. Imezoea kodi za meja, na gitaa la solo litavutia kuelekea C hadi swali zito ligeuke la sherehe. Mkiitaka sana, ipelekeni kwenye "Saved".

Maiki mbili mbele ya kwaya zinashinda sita zilizoshikwa mkononi. Zisimame kiasi cha mita moja kutoka safu ya kwanza, spika zikiwa mbele yake, la sivyo zitapiga mluzi. Feni isielekee kwenye maiki. Umeme ukikatika katikati ya ibada endeleeni na makofi. Fairfield Four wamejijengea jina bila ala, na "Are You Ready" waliyoiimba kwenye albamu ile ya 2003 ni darasa zuri la hilo. Kila zoezi malizeni na mara moja bila kinanda.

Kabla ya kurekodi au kupandisha YouTube, tafuteni ruhusa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, kutafsiri na kurekebisha ni haki ya mwenye kazi, na tangu Desemba 2020 nyimbo za Dylan ziko mikononi mwa Universal Music Publishing Group. COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuulizia utaratibu. Nendeni na jina la wimbo, jina la mtunzi na maneno yenu ya Kiswahili yaliyochapwa. Ruhusa ikichelewa, andikeni wimbo mpya kutoka Yoshua 24:15, na beti za konda na bosi mtabaki nazo, kwa kuwa ni zenu.